Mateka Asiye na Shamba

SEHEMU YA TISA

Tulimwacha Zuleha kwenye banda lake la mikanda ya video pale Mafiga, Morogoro, kipaza sauti mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, na sauti ya mwanamume asiyemjua ikimwambia, "Tunaye mume wako."

Wapo wasomaji waliotusumbua wiki nzima wakitaka kujua kama Zuleha alizimia. Hakuzimia. Wanawake wanaozimia wakiwa na simu sikioni wapo kwenye mikanda, na Zuleha anaitafsiri mikanda hiyo kwa Kiswahili tangu hajaolewa, akiwacheka wanawake hao mmoja baada ya mwingine.

Tatizo lilikuwa jingine. Spika ya sikioni ya simu yake ilikufa tangu mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo kila anayempigia huongea kwa laudispika. Na siku hiyo laudispika ilikuwa imekaa karibu kabisa na kipaza sauti. Yule mtekaji, aliyejiandaa kumtisha mwanamke mmoja, akawa analitisha banda zima.

"Tunaye mume wako," sauti ilirudia, nzito, kama inapita kwenye kitambaa. "Usiwaambie polisi."

Banda likacheka. Watu walidhani ni tafsiri. Kwenye televisheni kulikuwa na adui amemfunga mtu kwenye kiti, mdomo wake unacheza, na maneno yale yalimkaa sawasawa.

"Leo Dada Zuleha sauti umeipatia," mmoja akasema kutoka nyuma.

Ambaye hakucheka ni Shukuru. Shukuru ni polisi, ingawa siku hiyo hakuwa zamu, na alikuwa amekaa benchi la mbele na kifuko chake cha karanga. Kwa hiyo watekaji wale walikataza polisi asiambiwe, na wakamwambia wenyewe kwa kipaza sauti. Hao ndio watu tunaoshughulika nao wiki hii, na tunaomba radhi kwamba hatuna wengine bora.

Zuleha akausimamisha mkanda. Hasira kwake hutangulia woga. Marehemu mama yake alimwonya kuhusu hilo mpaka akachoka.

"Wewe nani?"

"Mimi ni mtu ambaye hutakiwi kumjua."

"Basi toa hicho kitambaa mdomoni, sikusikii vizuri."

Sauti iliporudi ilikuwa nyembamba zaidi, na ilikuwa imeona haya.

"Mumeo ameshatia dole gumba. Lile shamba la Kinole, lenye mikarafuu na maporomoko ya maji, ni letu tangu asubuhi. Wewe kazi yako ni kukaa kimya. Mwenyekiti wa kijiji akikuuliza, unasema unajua na umeridhia. Ukifanya hivyo, mumeo utampata mzima. Usipofanya..."

Sauti ikaishia hapo. Watekaji wote wa mikandani huishia hapo, kwa sababu aliyewaandikia maneno hakufikiria zaidi ya hapo. Zuleha alizijua nafasi hizo. Kwenye tafsiri zake huzijaza kwa matusi.

Hapa ndipo Zuleha alipokosea, na tutamlaumu mpaka hadithi iishe. Mwanamke mwingine angelia. Zuleha alicheka.

Kwa msomaji wa Moshi au Bukoba asiyeyajua mambo ya Uluguru, tumweleze haraka tuendelee na safari. Kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama. Mama humwachia binti, binti naye humwachia bintiye, na anayelisemea mbele za watu ni kaka wa mama, yaani mjomba. Mume hulima, hupalilia, hushuka mlima na mikungu ya ndizi kichwani, na watoto humwita baba. Lakini juu ya shamba la mkewe yeye ni mgeni. Ndoa ikivunjika anaondoka na jembe lake, na hilo jembe litaangaliwa vizuri kama kweli ni lake.

"Mmemteka Abeid kwa ajili ya shamba?" Zuleha alisema huku anacheka, na kipaza sauti kiko wazi. "Abeid? Abeid hana hata mgomba mmoja kule juu. Hata kile kinjia cha kuendea mtoni anapita kwa hisani. Mngemteka jogoo wangu mngepata faida, jogoo angalau anajua ni wa nani."

Banda likavunjika mbavu. Watu walipigana mabega. Hata Shukuru, mtu wa serikali, alipaliwa na karanga.

Upande wa pili hakuna aliyecheka. Ila kicheko kilipopungua, Zuleha alisikia kikohozi. Kilitoka mbali kidogo na simu, kifupi, cha mtu anayesafisha koo pasipo na cha kusema. Alikijua kikohozi kile. Amelala karibu nacho miaka yote ya ndoa yake.

Kumbe na wao walikuwa wameweka laudispika.

"Kwa hiyo hana shamba," ile sauti ikasema, safari hii bila kitambaa na bila kunguruma, sauti ya mtu wa kawaida aliyepata hasara. "Basi hana kazi."

Simu ikakatwa.

Ndipo woga ulipofika. Ulichelewa lakini ulifika wote kwa pamoja, na Zuleha akalazimika kukaa juu ya spika.

Mara ngapi amewaambia watu wa banda lile, kwa dharau, kwamba mateka huishi kwa faida yake? Steringi, yule shujaa wa mkanda, akishindwa kufika, amewaambia, msihofu, mateka hafi maadamu bado anatakiwa. Siku akiacha kutakiwa, hesabuni amekufa. Walimlipa kwa kusema hivyo. Na sasa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa kipaza sauti alichokinunua mwenyewe, amemtangaza mumewe kwamba hatakiwi.

Na alimpenda. Tuliseme sisi wazi, kwa kuwa yeye hakuwahi kulisema. Alimpenda Abeid kwa mapenzi ya kumchamba mtu mbele za watu kisha kumfichia mnofu chini ya wali.

"Dada Zuleha," Shukuru alisema. Alikuwa amesimama na amevaa miwani ya jua, ndani ya banda lenye giza, na goti lake lilikuwa limegonga benchi. "Wakipiga tena mkalishe kwenye simu. Sisi tunanasa mawimbi."

"Unanasa na nini?"

Shukuru alitazama kifuko chake cha karanga.

"Kuna utaratibu."

"Utaratibu gani?"

"Wa kunasa," Shukuru alisema.

Zuleha aliipigia ile namba, ikawa haipatikani. Akaipiga tena. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akawaambia watu waondoke, na alipoona hawaondoki kwa sababu mkanda haujaisha, akazima umeme.

Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye neno lake juu ya lile shamba lina uzito, na siku hiyo alikuwa ameshuka mjini.

*

Mzee Stambuli, mjomba wake Zuleha, alikuwa sokoni nyuma ya fungu la magimbi, amekaa juu ya kreti la soda na koti lake la misibani. Tusimpake mafuta kwa kuwa ni mzee. Ni mtu ambaye misibani hula kwanza, halafu ndipo huuliza nani amekufa. Lakini ndiye kaka pekee wa mama yake Zuleha aliyebaki, na ukoo hauchagui.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mbona unatweta? Sogea, unanizibia wateja."

Hakukuwa na wateja.

"Mjomba, Abeid ametekwa."

Mzee Stambuli alichukua gimbi moja, akalipangusa udongo kwa kidole gumba, akalirudisha.

"Shamba halitoki," akasema.

Zuleha alikuwa anaanza kulia. Akaacha.

Mtu huyu alikuwa anamfahamu. Yumo katika kila mkanda. Ni yule anayepewa habari nusu akajibu nzima. Steringi anamwambia, rafiki yangu amefariki, naye anasema, maskini, na kisu kile. Zuleha akifika hapo huwa hamsubiri steringi agundue. Hupiga kelele kwenye kipaza sauti, "Huyo huyo, mnatafuta nani tena?" na watu wanapiga benchi kwa miguu. Waandishi wa mikanda hiyo Zuleha huwaita wavivu. Husema hakuna mtu duniani mjinga wa kiasi hicho.

Kumbe yupo. Amenyonya ziwa moja na mama yake Zuleha, na anauza magimbi.

"Mjomba," alisema taratibu, "mimi nimesema Abeid ametekwa. Sijataja shamba."

Mzee Stambuli aliligeuza lile gimbi upande wa pili.

"Watu siku hizi wanatekwa kwa ajili gani, kama si mashamba?"

"Mjomba."

"Usinikazie macho. Mimi nimekulea."

"Ulimwambia nani, na ulimwambia nini?"

Yakatoka, lakini kwa kuvutwa. Palikuwa na bwana mmoja wa mjini, jina lake Yeremia, aliyelitaka shamba ajenge hoteli pale penye maporomoko. Mara ya kwanza alikuja na sukari. Mara ya pili alikuja na maneno matamu. Mara ya tatu alikuja na vijana wawili.

"Vijana wale hawakunisalimia," Mzee Stambuli alisema, na hata siku hiyo sauti ilimtetemeka. "Wameingia uani kwangu, mtu mzima nimekaa, hawakutoa hata shikamoo. Mtu asiyesalimia wazee, mwanangu, huyo anaweza kufanya lolote."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia mwenye neno si mimi. Mwenye neno ni mkwe. Abeid."

"Mjomba, unajua Abeid hana neno."

"Si ndiye anayekaa kijiweni anasema shamba langu, shamba langu? Nikasema haya, alibebe basi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungenigombeza."

Adui wa mkandani humuuza ndugu yake kwa ghala la dhahabu, au kwa kiti cha enzi, au kwa mwanamke mwenye gauni jekundu. Huyu alimuuza mkwe wake kwa kuwaogopa vijana wasio na adabu. Zuleha alitafuta chuki ya kumtosha mjomba wake, akaona hata chuki itakuwa ni kumpa heshima.

"Watamuua," alisema.

"Hawamuui." Mzee Stambuli alifikiri kidogo, na kwa kuwa hakuwa mwongo wa kudumu, akaongeza, "Na wakimuua, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mume hutafutwa mwingine, mwanangu. Shamba halitafutwi."

Simu ikalia.

Ilikuwa namba nyingine, lakini sauti ilikuwa ile ile, na sasa ilikuwa na haraka. "Tunakupigia kwa ubinadamu tu. Kama una neno la mwisho la kumwambia..."

"Msikate," Zuleha alisema. "Nisikilizeni. Mwenye kulisemea shamba ni mjomba wangu. Yeye akikataa, hata Abeid atie dole gumba la mguu, mwenyekiti hamtambui. Huyo mzee ninaye hapa mbele yangu. Nipeni mume wangu, niwape mjomba."

Msisahau ile laudispika. Mzee Stambuli alilisikia kila neno na jibu lake.

"Mlete," sauti ilisema. "Kabla jua halijazama. Mje kwenye gofu."

"Gofu," Zuleha alisema. Hata katika hali ile alishindwa kujizuia. "Morogoro nzima hamkuona pengine ila gofu?"

"Gofu la kiwanda cha mkonge. Na usilete polisi."

Zuleha alipoinua macho, mjomba wake alikuwa amesimama, mguu mmoja umeshaelekea upande wa stendi. Mtu angedhani anakimbia, na kweli alitaka kukimbia. Lakini aliliangalia fungu lake la magimbi, akaona hana wa kumwachia. Akabaki hapo amegawanyika.

"Huwezi kunipeleka," alisema. "Mimi ni mjomba wako."

"Utachagua hapa hapa," Zuleha alimwambia. "Ama unaingia kwenye bajaji kwa miguu yako, ama nasimama katikati ya soko hili nieleze ulichomfanyia mkweo, kwa sauti ile ile ninayotafsiria mikanda. Kinole wataipata habari kabla wewe hujafika hata Mkuyuni njiani."

Mzee Stambuli aliwatazama akina mama wa mchicha waliokuwa wameanza kutega masikio.

"Angalau nifunike magimbi," akasema.

*

Njiani, nyuma ya bajaji yao, alikuja Shukuru, aliyemwandama Zuleha tangu bandani, juu ya bodaboda, amekodoa macho nyuma ya miwani yake, akiwafuatilia kwa siri. Aliwafuatilia vibaya mpaka akawapita. Waliposhika njia ya vumbi inayoingia kwenye mashamba ya mkonge, wakamkuta amesimama njia panda, anajifanya anatengeneza mnyororo wa pikipiki ya watu, na mwenye pikipiki anamuuliza anatafuta nini.

"Wewe kaa hapa," Zuleha alimwambia.

"Nikisikia risasi nakuja."

"Ukisikia risasi utakuwa umeshachelewa."

"Kwenye mikanda sisi hufika mwishoni, Dada, na mambo yanakaa sawa."

Zuleha alimtazama, akaona mtu amevaa miwani ambayo bado ina karatasi ya bei. Akamwambia dereva wa bajaji aende.

Gofu lilikuwa na kuta, lakini paa halikuwa nalo. Langoni palikuwa na mabati yanayofungwa kwa waya. Huko nyuma milima ilikuwa imejifunika wingu kama kawaida yake, na popote kwenye wingu lile ndiko lilikokuwa shamba lenyewe.

Vijana wawili walisimama wamekunja mikono vifuani. Mmoja alikuwa na panga. Mwingine alikuwa ametia mkono mfukoni, na kitu alichokishika humo alitaka watu waamini ni bastola. Katikati yao alisimama Yeremia, mtu wa shati la kuchomekea na kalamu mfukoni, ambaye ungemkuta benki ungempisha foleni.

"Karibuni," alisema Yeremia. "Kabla hatujafanya lolote, ningependa mwelewe maono yangu. Pale juu ya maporomoko nitaweka daraja la kioo. Mgeni anakunywa kahawa, chini ya miguu yake anaona maji..."

"Hotuba utampa mjomba," Zuleha alisema. "Mume wangu yuko wapi?"

Yeremia alinywea kidogo. Alikuwa ameifanyia mazoezi.

"Watatembea kwa pamoja," alisema. "Wako kutoka huko, wetu kutoka huku. Wapishane katikati. Asikimbie mtu."

"Mmeangalia mikanda mingi nyie."

Yule kijana wa panga akainamisha kichwa. Zuleha akamtazama vizuri. Alimjua. Benchi la tatu, karibu na feni, kila Ijumaa baada ya swala. Anacheka kabla ya wenzake.

Akakumbuka yale maneno ya simu. Usiwaambie polisi. Mimi ni mtu ambaye hutakiwi kumjua. Hakuna mkanda wa Kizungu wala wa Kikorea unaosema vile. Ilikuwa tafsiri yake mwenyewe, neno kwa neno. Hao watekaji aliokuwa anawadharau tangu mchana aliwafundisha yeye, na walilipa kiingilio.

"Nenda, Mjomba," alisema.

Mzee Stambuli akaanza kutembea, koti limemwelemea. Kutoka nyuma ya ukuta wa pili akatokea Abeid. Hakufungwa kamba. Hakuwa na damu. Kofia yake ilikuwa kichwani, imekaa vilevile kama alivyoondoka nayo nyumbani asubuhi. Zuleha alipoiona ile kofia alitaka kukaa chini alie, na lau angefanya hivyo pengine tungekuwa tunamaliza hadithi hii leo.

Walipokutana katikati, Abeid alisimama.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mkwe," Mzee Stambuli alisema, macho kwenye viatu vyake.

Akampita. Abeid hakusogea.

"Njoo, Abeid," Zuleha alimwita.

"Nije wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

"Waliniwekea ile simu nisikie," Abeid alisema. "Nilidhani ukianza kuongea utalia. Nilikuwa nakuonea huruma, nikasema maskini mke wangu, atalia. Nikasikia banda zima linacheka." Akasafisha koo. "Mikarafuu ile niliipanda mimi, Zuleha. Mama yako alinionyesha pa kuchimba. Wale vijana hawakunipiga. Ulipomaliza kuongea waliniletea chai. Mtu ameniteka, akanionea huruma kwa sababu yako."

Hapo, msomaji, palikuwa na neno moja tu la kusema, na kila mtu gofuni alilijua, hata yule wa mkono mfukoni. Zuleha naye alilijua. Lilimfika kooni. Alikuwa anampenda, alikuwa amekosea, na alikuwa ametembea mji mzima kumkomboa. Lakini mdomo uliozoea dharau hauulizi ruhusa.

"Usijifanye steringi," alisema. "Twende."

Abeid alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana naye. Kisha akamgeukia Yeremia.

"Bwana Yeremia, huyu mzee mrudishe sokoni. Mnapoteza muda."

"Tumeambiwa ndiye mwenye neno," Yeremia alisema.

"Neno analo. Shamba hana." Abeid alikuwa anaongea amesimama wima, sauti imetoka kifuani, na Zuleha akatambua kwamba hajawahi kumsikia akiongea hivyo mbele ya mjomba, kwa kuwa kwenye vikao vya ukoo huambiwa akasubiri nje. "Mjomba ni msemaji. Leo atawakubalia kwa woga, kesho ukoo utamkana, na nyie mtakuwa na dole gumba la pili lisilo na kazi. Kwetu shamba linatoka kwa mama linakwenda kwa binti. Mama ameshafariki. Binti aliyemwacha ni mmoja."

"Abeid," Zuleha alisema.

"Yeye akiridhia, mjomba hawezi kukataa, na mwenyekiti hana la kuuliza." Hakumwonyesha kwa kidole. Alimwonyesha kwa kidevu, kama watu wa kule wanavyoonyesha kitu kilicho karibu. "Mmehangaika bure kumtafuta mwenye shamba. Amejileta mwenyewe, ndiye huyo amesimama langoni."

Yeremia alichomoa kalamu mfukoni. Mzee Stambuli, mtu wa kwanza kufahamu kwamba amepona, alikuwa ameshaanza kurudi nyuma polepole kuelekea kwenye bajaji.

Zuleha aligeuka. Yule kijana wa benchi la tatu alikuwa ameshampita na kusimama kwenye mabati. Alimwacha mzee atoke, kisha akalibana panga kwapani, akazungusha waya wa lango kwa mikono yote miwili, akaukaza.

"Samahani, Dada Zuleha," alisema.